Kavenya na Milingoti ya Simu

Watu wengine wakienda kutazama ploti huuliza maji, huuliza njia, huuliza hati iko kwa nani. Kavenya aliuliza simu kwanza. Dalali aliyempeleka, jina lake Rai, alicheka akanyoosha kidole.

"Milingoti si hiyo, mama? Imepita mpakani kabisa. Wewe ukimaliza kujenga ni kuvuta waya tu."

Na kweli milingoti ilikuwapo. Ilitoka upande wa barabara ya Msambweni, ukishapita Mwabungo, ikaingia ndani mmoja baada ya mwingine hadi ikapotelea kwenye mikorosho, waya ukining'inia juu yake. Kavenya aliihesabu kumi na mmoja. Alimwambia Rai atampa jibu wiki ile.

Kavenya alikuwa mpiga chapa. Alikodi chumba Kona ya Musa, mjini Ukunda, baina ya duka la viatu na kinyozi, na humo alikuwa na taipureta, mashine ya faksi, na kompyuta aliyoinunua mwaka uliotangulia. Vijana wa ufukoni na wafanyakazi wa hoteli walikuja kumtajia maneno ya kuwaandikia rafiki zao wa Ujerumani na Uswisi. Aliyapiga chapa, akaunganisha kompyuta na waya wa simu, mashine ikapiga namba ya Mombasa na kulia kilio chake cha ajabu, na barua ikaenda. Pasipo waya wa simu hapakuwa na intaneti. Waya ule ulikuwa wa mwenye nyumba, naye alikuwa amemwambia ahame ifikapo mwisho wa Aprili kwani chumba anakitaka kwa mwanawe. Ilikuwa Machi, mwaka wa tisini na tisa.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Rai. Agosti ya mwaka wa tisini na saba, watu wa bara kama yeye walipokuwa wakishambuliwa na kuchomewa nyumba, jirani yake, Mdigo mwenyeji wa pale, alimfungia chumba cha ndani na kumpitishia chakula dirishani. Mumewe, Muasya, alikuwa mpishi katika hoteli ya Diani, na Kavenya hakuwa na njia ya kujua kama yu hai. Simu ya jirani, iliyokuwa humo chumbani, ilikuwa imekufa. Kwa siku tatu aliiinua na kuiweka, akiinua na kuiweka, na kila mara hakusikia kitu, hata ule mvumo wa kawaida. Siku ya nne Muasya akaja kwa miguu, mzima, hana hata mkwaruzo. Wiki ile ile akapanda basi la Makueni, kwao bara, na hakurudi tena. Kavenya alibaki, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hapa. Tangu siku zile hakuweza kulala mahali pasipo simu inayovuma.

Ndiyo maana hakutosheka na kidole cha Rai. Alimwendea Chengo, fundi wa simu aliyekuwa akija kwake kupiga chapa barua za chama chao cha mazishi, akamwomba ampimie ule waya kabla hajatoa neno. Chengo alikubali kwenda Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko.

Walifika saa tatu. Chengo alifunga mkanda wake, akatundika simu ya kupimia begani, akapanda mlingoti wa tano, ule uliokuwa kwenye kona ya ploti. Kavenya alibaki chini na bahasha yenye mchoro wa ploti aliopewa na Rai.

Mwanamke mmoja mtu mzima alitokeza kwenye mikorosho, leso mbili mwilini na kapu mkononi, akasimama.

"Shikamoo, mama," Kavenya akasema.

Yule mwanamke hakuitikia. Katika miaka minane ya kukaa pwani, Kavenya hakuwa ameona mtu mzima akiacha shikamoo ianguke chini hivi.

Kisha wakaja wanaume wawili. Kisha wengine watatu. Walikuwa wametoka shambani na kila mmoja alikuwa na panga, na Kavenya alijua vizuri kwamba mtu akitoka shambani huwa na panga. Alijua, lakini alirudi nyuma hatua moja. Walisimama kwa nusu duara kati yake na njia ya kurudi barabarani. Juu ya mlingoti Chengo aliacha kugonga.

"Mnaanza kubomoa lini?" mmoja wao akauliza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, wenzake wakimwita Mwero. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kavenya zaidi.

"Kubomoa nini, ndugu yangu?"

"Usituulize sisi. Wewe umekuja na mpimaji wako wa ardhi."

"Huyu si mpimaji. Ni fundi wa simu." Alinyoosha kidole kumwonyesha Chengo. "Mimi hupeleka barua kwa kompyuta kule Kona ya Musa. Kompyuta yataka simu. Nimekuja kujua kama simu ipo, basi."

"Kompyuta," Mwero akarudia, akawageukia wenzake. "Ndiyo hiyo hiyo wanayoandikia mashamba yetu majina ya watu wengine."

Mtu mmoja nyuma alihamisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Pengine mkono ulikuwa umechoka tu. Kavenya alifikiria kukimbia, akaona hana pa kukimbilia, na akamfikiria Chengo aliyefungwa kwa mkanda kule juu. Akafanya kitu pekee alichoweza kukifanya: alifungua bahasha na kumpa Mwero mchoro wote, na namba ya ploti.

"Tazama mwenyewe. Hiki ndicho nilichoambiwa kinauzwa."

Mwero aliusoma mchoro taratibu, akiugeuza hadi ukalingana na barabara. Kidole chake kilifuata mistari, kikasimama.

"Mwanapili," akamwambia yule mwanamke, "wanaiuza nyumba yako, huko nyuma ya mikorosho. Na kisima. Na makaburi ya kina babu yamo ndani humu."

Mwanapili aliweka kapu chini. Alimtazama Kavenya, na kwa mara ya kwanza Kavenya akaona kwamba midomo ya yule mama ilikuwa ikitetemeka tangu mwanzo. Hakuwa amekataa salamu kwa chuki. Hakuwa na sauti ya kuitikia.

"Tangu milingoti hii iletwe hatulali," Mwanapili akasema. "Ililetwa na lori Ramadhani iliyopita, sisi tukiwa msikitini. Hakuna aliyetuuliza. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, mimi hutoa watoto nje na mikeka yao."

"Ililetwa na lori lipi?" Chengo akauliza kutoka juu. Wote wakainua nyuso.

"Jeupe. Halina maandishi."

Chengo alishuka polepole, akaomba ruhusa ya kutembea kufuata ule waya, na Mwero akampa watu wawili wa kwenda naye. Walikaa kitambo. Kavenya alingoja kwenye mchanga pamoja na waliobaki, hajui kama ni mgeni au mateka, na Mwanapili akamkunjulia leso moja akalie.

Chengo aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii si laini ya simu," akasema. "Milingoti ni ya zamani, imeng'olewa mahali pengine. Waya huku ndani umefungwa kwenye mkorosho. Kule barabarani umefukiwa mchangani chini ya mlingoti wa kwanza, haujaunganishwa na kitu. Mtu ameisimamisha ili ionekane."

Hapo Kavenya akaelewa alivyotegewa na Rai, yeye na kila mtu mwingine wa hotelini au wa bara aliyekuwa akitafuta ploti yenye simu. Hawa walioogopa kufukuzwa na yeye aliyeogopa kuuawa walikuwa wametishwa na mtu mmoja, kwa miti kumi na mmoja.

Walimsindikiza pamoja na Chengo hadi barabarani. Hata hivyo hofu haikumtoka, kwani alijua Rai atasikia.

Rai alisikia. Jumatatu alikuja ofisini kwa Kavenya, akaketi bila kukaribishwa, akachukua kalamu yake na kuichezea.

"Nasikia ulipeleka fundi kule."

"Nilitaka kujua kama simu ipo."

"Ungeniuliza mimi." Aliiweka kalamu mezani kwa uangalifu. "Kavenya, wewe ni mwanamke wa bara, unakaa peke yako. Miaka miwili iliyopita uliona yaliyotokea. Mtu kama wewe hatakiwi kuwa na maneno mengi. Ploti hutaki, sawa. Nyamaza tu."

Alipoondoka, Kavenya alifunga mlango kwa ndani mchana mweupe na kukaa chini nyuma ya meza hadi mteja alipobisha.

Alhamisi Mwero na Mwanapili walikuja. Walitaka barua ya kupeleka ofisi ya wilaya, Kwale. Kavenya aliwapigia chapa: mchoro, namba, nyumba, kisima, makaburi, lori jeupe. Mwero akauliza kama kuna shahidi aliyepima ule waya. Chengo alikuwa ameshakubali kutia saini. Likabaki jina la Kavenya mwenyewe.

"Si lazima, mwanangu," Mwanapili akasema. "Twajua unakaa peke yako."

Kavenya aliirudisha karatasi kwenye mashine. Vidole vyake vilikosa herufi ya kwanza ya jina lake mara mbili, yeye ambaye hupiga chapa bila kutazama. Mara ya tatu aliipata, akatia saini nakala zote tatu na kuwapa upesi kabla hajabadilisha nia.

Barua ilipigwa muhuri Kwale na kuwekwa kwenye faili. Ardhi ya Mwanapili haikuamuliwa mwaka ule wala uliofuata, ila hakuna aliyekuja kubomoa. Wahudumu wawili wa hoteli waliokuwa karibu kununua ploti za jirani walimjia Kavenya kumuuliza, naye akawaambia aliyoyaona, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Rai akaacha kuonekana Ukunda. Wengine walisema yuko Mombasa, wengine walisema Taru.

Kavenya hakununua ploti. Alikodi chumba kingine nyuma ya duka la dawa, chenye waya ambao Chengo aliupima mara mbili mbele ya macho yake. Wiki ya kwanza pale, kulikuwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara kila asubuhi, shati la kijivu, mikono mfukoni, akitazama upande wa mlango wake. Kavenya aliwaandikia watu barua zao huku jicho moja likiwa dirishani. Jumatatu iliyofuata yule mtu hakuwapo. Hakujua kamwe kama alikuwa akimngoja yeye, au alikuwa akingoja tu gari la abiria la kwenda Lunga Lunga.