Neno Lililovuka Shamba la Mpunga

Anayesema kuamia ndege wasile mpunga ni kazi nyepesi hajapata kukaa juu ya dungu kutwa nzima, peke yake, mpunga umeanza kujaa na kweleakwelea wanateremka makundi kwa makundi kana kwamba wamealikwa. Mimi nimekaa. Ndiyo maana mpaka leo sina uvumilivu na mtu anayesifia sauti za ndege mbele yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nikisoma darasa la nne Kiberege. Mpunga ulipokaribia kukomaa, nusu ya darasa ilihamia mashambani. Shamba letu lilikuwa mbali, ndani kabisa ya bonde, karibu na mto. Mama alibaki kijijini na kichanga. Baba aliondoka alfajiri kwenda kuvua na kurudi jua likizama, amechoka, hana la kusema. Katikati ya hapo nilikuwa mimi, kombeo langu, na lile jukwaa la miti lililoezekwa nyasi tuliloliita dungu. Upweke ulinikaba. Siku nyingine niliita jina langu mwenyewe kwa sauti, nisikie tu likitajwa.

Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu cha hadithi, nisije nikarudi shuleni, alisema, ninajua lugha ya ndege tu. Kilikuwa na habari za mume aliyemwacha mkewe akapanda meli kwenda kutafuta kazi nchi ya mbali. Kilijaa maneno ya watu wa pwani. Nyumbani tuliongea Kindamba. Kiswahili chetu kilikuwa cha shule, duka na kanisa, na kote huko sikuwahi kusikia mtu akitaja nanga wala shehena.

Mwalimu alikuwa ametufundisha la kufanya. "Ukikutana na neno usilolijua, usisimame hapo ukalilia," alizoea kutuambia. "Lipite. Sikiliza yanayosemwa mbele yake na nyuma yake, kisha rudi ulitazame tena. Na usiweke maana unayoipenda wewe. Weka ile ambayo habari yenyewe inaitaka." Darasani niliona ni maneno ya kumfurahisha mkaguzi. Kule shambani sikuwa na ujanja mwingine, maana hapakuwa na wa kumwuliza.

Tena ndege hawakunipa nafasi ya kuganda kwenye neno moja. Nikisoma sentensi, nikiinua macho, wamefika. Basi badala ya mayowe ya kawaida, nikawa nawafukuza kwa sentensi ile ile niliyotoka kuisoma: "Mabaharia wakatupa nanga, meli ikatulia!" Ndege waliruka, na kabla hawajatua tena nilikuwa nimeshapata fununu. Ilitupwa majini, meli ikaacha kwenda. Basi ilikuwa kitu cha kuishika meli.

Siku moja sauti ikatoka upande wa pili wa shamba: "Hiyo nanga ndiyo nini?"

Alikuwa bibi mmoja mjane, aliyeamia shamba lililopakana na letu. Dungu lake nililiona paa tu, kule mbali juu ya mpunga. Hadi siku hiyo tulikuwa tukisalimiana asubuhi basi, "Shikamoo, Bibi!" na "Marahaba!", ili kila mmoja ajue mwenzake hajapitiwa na tembo usiku. Nikamjibu kwa kelele kwamba nadhani ni kitu kizito cha kuzuia meli isichukuliwe na maji.

"Kama sisi tunavyochomeka upondo kwenye tope tukafunga mtumbwi," akasema. "Haya, endelea!"

Tangu hapo nilikuwa na mwenzangu. Nilipaza sentensi, yeye akauliza, tukatafuta pamoja. Nahodha tulimjua kwa kuwa kila mtu kwenye meli alimwamkia yeye kwanza na hakuna aliyethubutu kumtuma. Shehena tuliipata migongoni mwa wapagazi. Kulikucha nikiwa na haraka ya kupanda dunguni, jambo ambalo baba hakulielewa hata kidogo.

Nilijua, kwa kuwa kijiji kizima kilijua, kwamba mwana wa pekee wa Bibi alikwenda kukata mkonge upande wa Morogoro na miaka ilikuwa imepita bila salamu. Labda ndiyo maana kila asubuhi aliulizia kwanza habari za yule mume. Ameshapata kazi? Amemkumbuka mkewe? Niliipenda sauti ile, na niliogopa kitabu kuisha kuliko nilivyoogopa nyati.

Mchana mmoja nikapaza: "Nahodha akafika kwa yule mwanamke, ameleta tanzia!"

"Tanzia ndiyo nini, mjukuu wangu?"

"Bado sijui, Bibi! Ngoja!"

Nikasoma mbele. Nahodha alipewa kiti, hakukaa. Alivua kofia akawa anaizungushazungusha mikononi. Majirani walianza kuingia bila kuitwa. Wanawake wakatandika mikeka, wanaume wakawasha moto uani, na chakula kilichokuwa jikoni hakuna aliyekipakua. Niliwahi kuuona uwanja wa namna ile, siku alipofariki mama yake baba. Nilijaribu maana nyingine: zawadi, mshahara, salamu. Kila niliyoiweka, mikeka ile iliikataa.

"Umeipata?" Bibi aliuliza tena.

Nikasimama, nikazungushia mdomo viganja kama ilivyokuwa kawaida yetu. "Ni habari ya kifo, Bibi! Mume amekufa huko huko! Harudi tena!"

Ndege walishuka upande wake na sikumsikia akiwafukuza. Baadaye sana nikasikia debe lake la kufukuzia ndege likigongwa.

Kesho yake nilimwamkia, akaitikia marahaba, basi. Nilipaza sentensi zilizofuata; hakuuliza neno. Kurasa za mwisho nilizisoma kimya, na msimu wote uliobaki nilisikia debe tu kutoka kwake. Nililia sana juu ya dungu lile. Nilimkasirikia pia, maana si mimi niliyemwua yule mtu wa kitabuni.

Tulipomaliza kuvuna, tukiwa njiani kurudi kijijini, tulipita shambani kwake. Ndiyo mara ya kwanza kusimama naye karibu tangu msimu uanze. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nilipiga goti nikamwamkia, baba akatangulia na mzigo.

Bibi alinishika mkono, hakuuachia.

"Ulisoma sawasawa," alisema. "Lakini neno kama lile, mjukuu wangu, halisemwi kwa kelele. Ungekuja."

"Ndege wangekula mpunga, Bibi."

"Wangekula," alisema.