Kiti cha Korbinian

Mama mkwe wangu anaitwa Walburga, lakini kijiji kizima kinamwita Burgi. Tangu niolewe na mwanawe Quirin sikuwahi kumwona amekaa kitini jua likiwa juu. Yeye na mumewe Korbinian walifuga ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa hawana sikukuu. Walikamuliwa asubuhi, wakakamuliwa jioni, siku ya Krismasi, siku ya harusi yetu, hata siku niliyojifungua binti yangu Afra. Burgi alikuja hospitali akinuka zizi, akambeba mjukuu, akasema, "Mzuri huyu," akatupia jicho saa ya ukutani, akaondoka mbio.

Mto Danubi unapita chini ya shamba letu. Meli nyeupe za watalii hupita tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapopukutika, na watu wamejilaza juu yake kama nguo zilizoanikwa. Korbinian alizoea kusimama na uma wa nyasi mkononi akiwatazama.

"Burgi," alikuwa akisema, "iko siku na mimi nitakaa pale juu. Sitaki kuona kanisa wala jumba la mfalme. Nataka kiti tu, kazi yote ifanywe na maji."

"Wewe? Utakuwa unakoroma kabla hawajafungua kamba."

Ng'ombe wa mwisho walipouzwa, Korbinian alikata tiketi mbili za meli, kutoka mji wetu wa Passau mpaka Budapest na kurudi. Hakuwahi kupanda. Moyo wake ulisimama wakati wa baridi, akipasua kuni uani.

Burgi alitaka tiketi zile zichomwe. Kila alfajiri baada ya mazishi alikwenda kwenye zizi tupu, akawasha taa, akasimama humo. Quirin alimwona kupitia dirisha letu. Ndipo akasema, "Mama, nenda. Vroni atakusindikiza."

Vroni ni mimi. Afra alikuwa ameshaanza kutembea na nilikuwa namwachisha ziwa. Quirin alisema mtoto asipoliona atalisahau upesi. Mtoto alisahau kweli. Mimi ndiye niliyelala na vitambaa kifuani, nikilia kidogo kidogo hadi Vienna.

Siku ya kuondoka Quirin alinivuta kando gatini. "Asirudi kama anavyokwenda, Vroni. Akirudi vilevile, sijui tena tumfanyie nini."

Asubuhi ya kwanza melini niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa, tena amekitandika vizuri kuliko yule kijana wa vyumba. Yeye nilimkuta kwenye sitaha ya juu. Karibu kabisa na ngazi palikuwa na viti viwili chini ya turubai, vyenye mgongo ulionyooka. Kimoja amekikalia yeye, mkoba magotini. Cha pili amekivika sweta la Korbinian, lile la sufu ya kijivu lenye vifungo vya pembe, mikono ya sweta ameilaza juu ya mbao za kiti, mmoja huku, mmoja huku.

"Mama, umelala kweli?"

"Alitaka kiti," akajibu. "Basi kiti hicho hapo."

Nikamletea kahawa.

Ikawa hivyo kila siku. Meli ikifunga gati, watu wanashuka na kofia zao na miavuli yao, Burgi habanduki. Ile nyumba kubwa ya watawa pale Melk, ya manjano juu ya mlima, aliitazama kutoka kitini kama anavyotazamwa jirani mwenye majivuno. Vienna nilimbembeleza sana.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nimeshaona mapaa."

"Mama, umbali wote huu kwa ajili ya mapaa?"

"Nikiondoka atakaa mtu hapa."

Sasa, sisi watu wa nchi yetu tuna tabia moja tukiwa likizoni, na kila mmoja huichukia anapoiona kwa mwenzake. Mtu huamka kabla ya wote, akatupa taulo lake juu ya kiti kizuri, akarudi kulala, na kiti kikawa chake hadi jioni. Melini walikuwa wamebandika tangazo kwamba viti haviwekwi akiba. Kwa hiyo abiria walipoliona lile sweta, siku baada ya siku, bila mwenyewe, hawakufikiria jingine. Waliona taulo lenye mikono.

Aliyechukia kuliko wote alikuwa Detlef, mzee mrefu kutoka Bremen, aliyefundisha watu udereva mpaka alipostaafu, na sauti ya kufokea wanaokosea gia ilikuwa haijamtoka. Sisi wa Bavaria, kusini mwa nchi, mtu yeyote wa kaskazini tunamwita Mprusia, hata awe mwema vipi. Huyu tulimwita hivyo kwa kinyongo.

"Wabavaria wale," alisema wakati wa kifungua kinywa, akijua tunasikia. "Mzee wao analala hadi mchana, sweta ndilo linalopunga upepo."

Meza yake ikacheka. Burgi alikuwa anafunga mkate wenye nyama kwenye kitambaa aufiche mkobani, ingawa chakula cha mchana kilikuwepo na tulishakilipia.

"Mprusia anasema nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Hakuna kitu, na masikio yako yamekuwa mekundu?"

Nilitaka kwenda kumwambia yule mzee ukweli. Burgi alinishika mkono. "Habari za Korbinian si za kupaka kwenye mkate pamoja na jamu," akasema.

Siku ya kufika Budapest mto ulikuwa umejaa, mvua ilikuwa imenyesha sana huko juu. Kipaza sauti kikasema kila mtu ashuke kutoka sitaha ya juu, mbele kuna daraja lililo karibu mno na maji. Ndivyo wanavyofanya meli hizi. Mabaharia hulaza vyuma vya pembeni, hukunja turubai, viti hulazwa chali, na chumba cha nahodha chenyewe huteremshwa kama kobe anavyovuta kichwa.

Burgi alishuka wa mwisho. "Hicho chenye sweta," alimwambia baharia, "kilaze taratibu."

"Nitakilaza kama mtoto, bibi."

Tukakaa chini ukumbini. Kivuli cha daraja kilipita madirishani, baridi kidogo, kisha mwanga ukarudi. Kahawa yake hakuigusa. Ngazi zilipofunguliwa alipanda kwa yale magoti yaliyochuchumaa chini ya ng'ombe maisha yake yote, na mimi kijana nikaachwa nyuma.

Viti vilikuwa vimesimamishwa tena. Detlef alikuwa amepandia ngazi ya nyuma. Amekaa kwenye kiti cha Korbinian, sweta amelikunja mapajani.

"Hapo pana mtu," Burgi akasema.

"Mtu gani? Tangu Passau nangoja hili sweta liote miguu."

"Ondoka."

"Tangazo lile pale, bibi, na macho unayo. Mume wako akitaka kukaa, aje akae. Mwite basi! Mwite aje!"

"Amekufa."

Alilisema kama mtu anayesema maziwa yamekwisha. Waliokuwa karibu waligeuka kutazama maji. Detlef alivua kofia yake, akainuka. Sikutegemea alichofanya baadaye. Alilikunjua lile sweta, akaanza kulivika kiti upya kwa vidole vyake vikubwa, na hakujua aweke vipi mikono.

"Hivi?"

"Wa kushoto ushushe," Burgi akasema. "Bega lile lilikuwa chini. Ng'ombe alimbana ukutani."

Akaushusha. Akaliweka sawa shingoni. Kisha akageuka kwenda zake.

"Wewe," Burgi akamwita. "Kule mbele viti vimejaa tele. Hiki ulikitakia nini?"

Detlef alisimama, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi. "Si changu mimi. Ni cha Wiebke, mke wangu. Walimbadilisha nyonga majira ya kuchipua. Ngazi hii moja anaiweza nikimshika, lakini kufika kule mbele haiwezekani, na vile viti vya kulalia akiketi hainuki. Chumba chetu kiko chini. Tangu Passau dirishani anatazama kuta za malango ya maji, yale ya kushushia meli."

"Tangu Passau?"

"Tangu Passau."

"Na mdomo wote huo unao, hukusema?"

"Nilidhani ninyi ndio walewale wa taulo," akasema, akitazama viatu vyake.

Burgi alikigeukia kiti. Meli ilikuwa inakwenda polepole, na mbele vilima vya mji vilikuwa vimeanza kuonekana. Aliuweka mkono wake juu ya bega la lile sweta, kama alivyokuwa akiuweka mgongoni mwa ng'ombe kila mara kabla ya kukaa kukamua, ili mnyama ajue aliyekuja ni nani. Aliuacha hapo muda mrefu. Halafu akalinyanyua, akalikung'uta mara moja, akalivaa mwenyewe. Lilimfika karibu na magoti.

"Mlete mkeo," akasema. "Na haraka, mji ndio huo unakuja."

Tuliwasikia ngazini kabla hatujawaona.

"Wiebke, unanikanyaga."

"Ondoa mguu basi, si wewe uliye mzima?"

Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mweupe kwa kukaa ndani. Burgi alimshika kwapa, akamkalisha kwa ujuzi wa mtu aliyezoea kuinua ndama. Wiebke alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Detlef," akasema, "mbona mto ni mpana hivi?"

"Hapa ndiyo," Burgi akamjibu. "Kwetu ni mwembamba. Unaweza kumtukana mtu wa ng'ambo na akakujibu."

Wiebke akacheka mpaka akajishika nyonga.

Meli ilipofunga gati, Burgi alisimama akitazama mikono yake. Hakuwa na cha kulinda. Nilimwona akitafuta mahali pa kuiweka, mwishowe akaitia katika mifuko ya sweta.

"Vroni, mji huu una soko?"

"Lipo, Mama. Kubwa."

"Basi twende. Makalio yamekufa ganzi."

Tulizunguka humo mpaka miguu ikaniuma. Alibonyeza pilipili, akanusa jibini, akabishana kwa vidole na muuza asali ambaye hakujua neno letu hata moja. Tulikula mkate wa kukaanga uliopakwa krimu chachu na kitunguu saumu, krimu ikamtiririka mpaka kwenye sweta, naye akaifuta kwa mate bila kugombana na mtu. Wakati wa kurudi alishuka kila gati. Melk aliipanda yote kwa miguu, akatoka akilalamika kwamba dhahabu yote ile na hakuna pa kukaa.

Gatini Passau Quirin alikuwa na Afra begani. Mtoto aliniona, akaficha uso. Kisha akaninusa shingo, akashika sikio langu kwa nguvu kama anavyofanya akitaka usingizi.

Jioni mezani Quirin hakuweza kuvumilia. "Sasa, Mama, ilistahili?"

"Sahani kubwa, chakula kidogo. Kahawa maji matupu. Vitanda laini mno."

"Mama."

Burgi aliweka uma chini. "Baba yako asingeipenda," akasema. "Siku ya pili angekuwa anawafundisha mabaharia kufunga kamba. Siku ya tatu angetaka kurudi nyumbani." Akasukuma kiazi pembeni mwa sahani. Aliposema tena ilikuwa kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyekula keki ya wageni. "Mimi nimeipenda, Quirin."

Quirin alinitazama. Kisha akachukua kitambaa akamfuta Afra mdomo, nao ulikuwa safi.

"Wale Waprusia mwakani wanakwenda mto Rhine," Burgi akaendelea, akivuta bakuli la viazi upande wake. "Nimewaambia nitafikiri."