Bi Mchanga na Makalio ya Mfano

Bi Mchanga hakupimi kwa macho wala kwa futi. Ukitaka kiti kwake, unakalia mchanga.

Nyuma ya karakana yake, kati ya rundo la mbao na ndoo ya gundi, pana kasha lenye mchanga uliolowanishwa kidogo, umesawazishwa kama kitanda cha hoteli. Mteja anakaa, anahesabiwa pumzi kumi, anainuka. Bi Mchanga anainamia shimo lililobaki, anachomeka kijiti hapa, anaweka kiganja pale, anaguna.

"Unaegemea kushoto. Pochi au mke?"

Mteja akicheka, ni pochi. Asipocheka, Bi Mchanga haulizi tena.

Utaratibu huo aliurithi kwa marehemu mumewe, seremala mzuri na mvivu wa kupindukia, aliyegundua kasha la mchanga kwa sababu hakutaka kuinuka kutafuta futi. Marehemu alikata roho akiwa ameketi, usingizini, kwenye kiti alichojitengenezea mwenyewe. Mjane wake hulisimulia jambo hilo kwa wateja kama tangazo la biashara.

Mwanawe wa pekee ni karani wa bima, na karani wa bima akimwona mama yake kashika msumeno haoni seremala, anaona ajali. Miaka mitatu alikuwa akimbembeleza afunge karakana ahamie kwake, kwenye chumba chenye mapazia ya lesi, ubavuni mwa mkwe anayefuta vumbi maua ya plastiki. Mwishowe wakakubaliana mbele ya shangazi mtu, ili pasiwe na kugeuka. Ukumbi mpya wa mtaa ulikuwa unatafuta viti arobaini. Wagombea walikuwa wawili: Bi Mchanga na muuza viti vya plastiki. Kamati ya mtaa ikichukua vya Bi Mchanga, mwana atafunga mdomo milele. Ikivikataa, mama atakabidhi ufunguo wa karakana.

"Nitautoa kwa mkono wangu huu," Bi Mchanga alisema. "Halafu mkeo anikalishe kwenye lile kochi lenu lililovikwa nailoni, niwe nalia nalo kila nikijigeuza."

Ndipo akaja Kwa Mfano.

Hakuwa wa kwanza. Mtaa wetu hupata wataalamu wa kujitolea kama mitaa mingine inavyopata mafua: kila msimu, na hakuna anayekufa. Wanatoka ng'ambo, wana nia njema na chupa za maji, wanatufundisha biashara. Yule wa kwanza alimwandikisha Bi Mchanga dira na dhamira ukutani kwa rangi ya buluu. Sasa msumeno unaning'inia kwenye msumari uliopigwa katikati ya dhamira. Wa pili alimfundisha kinyozi kumchekea mteja muda wote. Wateja wakakimbia. Nani atampa shingo mtu mwenye wembe anayecheka peke yake?

Huyu wa tatu alikuwa kijana mrefu, mwembamba kama ufito, suruali ina mifuko kumi na yote imejaa. Alikuja kwa wiki nane. Kiswahili alikuwa amejifunza, tumpe haki yake, isipokuwa kila sentensi aliianza kwa "kwa mfano," na mara nyingi mfano wenyewe haukufika.

Siku ya kwanza alikaa pembeni na saa.

"Kwa mfano, mama, mteja mmoja amechukua dakika arobaini. Kukaa ni pumzi kumi tu. Dakika nyingine zimekwenda wapi?"

"Kwenye habari za nyumbani."

"Habari za nyumbani haziuzi kiti."

"Mwanangu, ndizo zinazouza. Kiti wanapewa tu cha kuondokea."

Lakini kuhusu ukumbi, kijana alikuwa na hoja. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Mchanga alikuwa na viti visivyo na wenyewe. Atamwita nani aje akalie mchanga? Ukumbi hauna makalio. Na kamati ilikuwa imetoa wiki tatu tu.

"Kwa mfano," akasema kijana, macho yanang'aa, "tunatafuta wastani."

Akaingia mtaani na futi kutafuta wastani. Muuza vitunguu, mama mwenye mwili wa kujitosheleza, alimkimbiza mpaka kona ya pili huku akiuliza kwa sauti kama kwao hana mama. Fundi baiskeli alikubali kupimwa mabega, kiuno, hata kichwa. Ilipofika kule nyuma akasema lazima aombe ruhusa kwa mkewe. Mkewe akakataa. Jioni Kwa Mfano alirudi na wastani wa kichwa kimoja.

Aibu ikamfanya afanye lile ambalo msomi hulifanya dunia inapokataa kupimwa: alipima wenzake. Hosteli nzima ya wataalamu wa kujitolea, watu kumi na wanne wanaokimbia kilomita nane kila alfajiri bila kufukuzwa na mtu, kisha wanakula majani. Akaja na karatasi yenye michoro ya rangi tatu. Jibu: inchi kumi na tano kati ya mkono na mkono wa kiti.

Bi Mchanga aliigeuza ile karatasi juu chini.

"Hawa wenzako wanakula?"

"Wana afya nzuri sana, mama."

"Sikuuliza afya."

Hata hivyo siku zilikuwa zinakwisha, na ufunguo ulikuwa ukimchoma shingoni alikouning'iniza. Akakata mbao. Na kijana hakukaa na saa tena: alipiga randa mpaka viganja vikatoka malengelenge, akajigandisha mkono wa shati kwenye kiti namba kumi na tisa, akaendelea kufanya kazi na kiti chake ubavuni mpaka chakula cha mchana.

Siku ya ukaguzi kamati ilikuja watu kumi na mmoja, ikiongozwa na Mheshimiwa mwenyewe, mama ambaye umbo lake halikuwa limepitwa na cheo chake. Muuza plastiki naye alikuja, anatabasamu. Mwana alikuja na shangazi. Viti vilikuwa vimepangwa uani, vinang'aa.

Mheshimiwa akachagua kimoja, akaketi. Kiti kikatoa sauti ya mtu anayekanyagwa kidole.

"Kizuri," akasema. "Kimenishika."

Akainuka kutoa nasaha. Kiti nacho kikainuka.

Katibu akamvuta mbele, mweka hazina akavuta kiti nyuma, wakazunguka uwanja mzima kama wanaocheza ngoma isiyo na mpigaji. Muuza plastiki alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mwana hakucheka, alikuwa ameshakunjua kiganja kuelekea kwa mama yake. Bi Mchanga alipitisha mkono shingoni, akaugusa ufunguo, akauacha. Akaenda ukutani akachomoa msumeno kwenye dhamira.

"Unafanya nini?" Mheshimiwa akapiga ukelele.

"Nakata mikono ya kiti, Mheshimiwa. Ya kwako sina haja nayo."

Alipokombolewa walimkalisha apumzike kwenye kiti cha marehemu. Mheshimiwa akazama, akashusha pumzi, na kabla katibu hajamaliza kumpepea, akaanza kukoroma.

Katibu, mtu mwembamba mwenye mawazo marefu, akavitazama vile vyembamba, akakitazama cha marehemu.

"Mkutano uliopita ulichukua saa sita," akasema polepole. "Wananchi waliuliza maswali. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamekaa vizuri."

Mheshimiwa akafumbua jicho moja. "Endelea."

"Hivi vyembamba tuvichukue vya wananchi. Hakuna mtu atakayeuliza swali la pili akiwa amebanwa hivyo. Sisi tutengenezewe kumi na kimoja kama hiki ulichokalia."

Ikapita kwa kauli moja. Kiganja cha mwana kikarudi mfukoni. Bi Mchanga alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza msumari. Kwa Mfano akamnong'oneza:

"Mama, hii si sawa. Kwa mfano..." Mfano haukuja.

"Najua," akasema Bi Mchanga. "Waambie waheshimiwa wavue viatu. Wakalie mchanga."

Siku ya ufunguzi tangazo lilisema saa tatu asubuhi. Sasa, kamati yetu ikisema saa tatu, yenyewe hufika saa tano. Hata mbuzi wa mtaa wanajua. Kwa hiyo Bi Mchanga aliwapitia wateja wake wa zamani, mlango kwa mlango, akawaambia neno moja: "Mje saa tatu ya kweli." Muuza vitunguu alifika wa kwanza, akajaza kiti cha Mheshimiwa bila kubakiza nafasi. Mke wa fundi baiskeli akachukua cha katibu. Mabibi tisa wakamaliza vilivyobaki. Vijana wembamba wakakaa kwenye vile vyembamba, wakabakiza kumi na kimoja mbele kabisa, kwa heshima.

Saa tano na robo kamati ikaingia. Ikasimama. Nani atamwinua bibi mbele za watu? Ikaketi ilipopata.

Mheshimiwa alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na tisa. Alisoma mbili, ameketi, kiti kimembana.

"Swali," akasema muuza vitunguu, ameegemea. "Mtaro wa sokoni utazibuliwa lini?"

"Kesho!"

"Saa ngapi?"

"Alfajiri! Mwingine!"

Waliuliza maswali kumi na matatu bila haraka, na yote yakajibiwa ndiyo. Mtaro ulizibuliwa kweli. Siku ileile ya ufunguzi kamati iliagiza viti vyote arobaini vipanuliwe, na hakuna aliyeomba mjadala.

Kwa Mfano aliandika kwao kwamba ushiriki wa wananchi umepanda, akaambatanisha mchoro wa rangi tatu. Aliondoka akiwa hatimaye na mfano.

Jumamosi iliyofuata mwana alikuja karakanani na tai yake, akasimama sana mlangoni.

"Mama, na mimi nataka kiti."

"Kaa."

Akakalia mchanga kwa mara ya kwanza maishani, akahesabiwa pumzi kumi, akainuka. Bi Mchanga akainama, akaguna.

"Nilijua. Unakaa ukingoni, kama mtu anayesubiri ajali." Akausawazisha mchanga kwa kiganja. "Kaa tena, mwanangu. Safari hii ukae. Habari za nyumbani?"