Nyundo, Chokaa na Posa Yangu

Mkimaliza kucheka mniambie niendelee, maana najua mmeshasikia kwamba nilimzamisha mkwe mtoni, na mimi nasema ni uongo mtupu, maji yalimfika magotini tu! Aibu naikubali, ilikuwa yangu, ila hiyo chumvi mliyotia siikubali.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pangani, na shamba lilikuwa na pantoni yake ya kuvukia mto, mbao juu, matangi mawili ya chuma chini. Maji ya chumvi yalikuwa yameila mishono ya yale matangi, pale vyuma vilipoungwa, mpaka kutu inabanduka kama magamba ya samaki, nikaambiwa niyakague kabla watu hawajapanda. Msimamizi, Mzungu mmoja wa haraka haraka, akasema kwao siku hizi chuma kinapigwa picha kama mbavu za mgonjwa (sasa picha hiyo niitoe wapi, niiote?). Zikabaki njia mbili. Mzee Bakari, fundi wa kupaka rangi pale shambani, alitaka ya chokaa: unasugua kutu, unapaka chokaa nje ya mshono, ikikauka unamimina mafuta ya taa kwa ndani, unangoja, penye ufa chokaa inalowa unaona kwa macho yako. Ya pili ni nyundo: unagonga, unasikiliza, kizima kinalia, kibovu kinajibu kizito kama mwenye mafua.

Nikachagua nyundo. Baba yangu alikuwa muuza nazi, na mimi toka utotoni nagonga nazi kwa mgongo wa panga najua hii koroma, hii imekomaa, sikosei. Halafu maji yalikuwa yamekupwa, pantoni imekaa mchangani, na yakijaa tu Mzee Sefu anavuka. Mzee Sefu ndiye baba yake Mwanaidi, posa yangu iko kwake, na siku hiyo anakwenda ng'ambo kushauriana na kaka yake kabla ya kunijibu. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya kwa ajili yake (nani anasugua kutu na kanzu mpya?).

"Chuma si nazi, mwanangu," Mzee Bakari aliniambia. "Na hata nazi, mbovu nyingine huijui mpaka uivunje."

Nikamjibu mbele za watu kwamba sikio langu halihitaji chokaa. Nikagonga mshono mmoja baada ya mwingine, nainamisha kichwa, nafumba macho, natia alama ya mkaa, "Kizima hiki!" Mzee Sefu akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kinapandika?"

"Panda, mzee, na mimi napanda na wewe."

Tulikuwa tumebakiza hatua chache kufika ng'ambo pantoni ikalala upande, sote tukateleza kwenye tope, kofia ya mzee ikaenda na maji, kiatu kimoja kikabaki chini mpaka leo, na wanawake waliokuwa wakifua pale wakacheka mpaka wakakaa. Na yule msimamizi aliyenikimbiza asubuhi nzima, amesimama kavu kule tulikotoka, anatikisa kichwa kama hajapata kuniona! Hilo ndilo linaloniudhi hata leo.

Kesho yake maji yalipokupwa Mzee Bakari akapaka chokaa yake, na Mzee Sefu akaja kutazama, hakuna aliyemwita. Tukangoja. Chokaa ikaanza kulowa, mstari mrefu kama mkono wangu, ukapita katikati ya alama yangu ya mkaa.

"Hapa uligonga?" Mzee Sefu akauliza.

"Niligonga, mzee."

"Pakasemaje?"

"Pakasema pazima."

Akanisogelea, akanigonga paji la uso kwa kidole, ko, ko, akainamisha kichwa na kufumba macho vile vile nilivyofanya mimi.

"Na hiki kinalia kizima," akasema, "lakini binti yangu simpandishi."

Posa ikarudi jioni ile ile, na Mwanaidi akaolewa na karani mmoja wa kule Amani, milimani. Nilimlaumu msimamizi, nikalaumu kutu, nikalaumu maji kujaa, lakini nyundo niliishika mimi, jamani. Tangu siku ile mshono wenye kutu siupitishi bila chokaa, na nazi siigongi tena: naivunja, naitazama, ndipo namkaribisha mtu.