Usipepese

“Nyota hiyo ya mkia hata ijibanze kwapani mwa jua, mimi nitaipiga picha!” Flashi aliyatangaza hayo kwenye kipaza sauti, katikati ya harusi aliyoitwa kupiga picha, si kuhutubia. Bwana harusi akapiga makofi. Angefanyaje, na picha zake bado zimo kwenye kamera ya mtu?

Studio ya Flashi ni chumba kimoja: pazia la bluu, kiti kinacholia, sega moja la wateja wote. Nusu ya chumba ni ya dada yake mkubwa, mshonaji, na cherehani yake. Jicho la kushoto la dada ni la kupamba uso tu tangu utotoni. Kazi yote ilifanywa na la kulia. Flashi alilijua hilo. Jicho hilohilo ndilo lililomvusha barabara alipokuwa mdogo.

Tuseme haki, kazi aliijua. Nyota ya mkia ikikaribia jua hung'aa sana, ila mwanga wa jua huimeza, na lenzi ndefu ikilielekea jua huunguza jicho linalochungulia. Basi alipanda kwenye paa la zege, akajibanza kivulini mwa tangi la maji la jirani ili tangi lizibe jua, kando yake abakiwe na upenyo wa anga. Jua halikai; kivuli kikihama, na kamera lazima ihamishwe. Mchana ule akaipata: kamstari keupe, kama chaki iliyofutwa kivivu. Akapiga. Akaruka kama mbuzi.

“Dada! Panda uone, mdogo wako si wa mchezo!”

“Nina gauni la watu mkononi.” Hata hivyo akapanda, futi ya kupimia shingoni. Akaweka jicho la kulia kwenye kamera. “Mbona sioni kitu? Au umepiga kinyesi cha ndege?”

“Tulia. Usipepese.”

Ndilo neno lake la kazi, humwambia kila mteja. Kisha akageuka kuwaita vijana wa kinyozi ng'ambo ya barabara, waliokuwa wakimcheka tangu harusi: “Njooni mwone, wazushi nyie!” Nyuma yake kivuli kikahama. Kamera ikabaki.

“Eh, naiona!” dada akasema. “Inawaka!”

Flashi akacheka kwa furaha. Alicheka kabla ya kugeuka, na kicheko hicho ndicho kinachomla mpaka leo.

Daktari alisema kovu ndani ya jicho, pale jua lilipounguza, halifutiki. Kila dada anachokikazia jicho, katikati kina doa. Mshono anaufuata kwa vidole, lakini tundu la sindano limemtoroka. Kila asubuhi Flashi humtungia sindano, na uzi ukikatika humwacha mteja kitini akakimbilia cherehani. Picha ya nyota imo kwenye droo, kifudifudi. Neno “usipepese” halitamki tena. Nusu ya picha zake za pasipoti hurudishwa, watu wamefumba macho kama wanaombewa dua.

“Kaninunulie kitungia uzi, bwana,” dada humwambia. “Nimeshakusamehe. Sasa nipishe nifanye kazi.”

“Kesho, dada,” hujibu kila mara.

Kitungia uzi, kwenye duka la jirani, ni shilingi mia mbili tu.