Balbu Mezani pa Baba

Juzi nilikwenda mtaa wa Satellite kumchukua baba nimpeleke kliniki. Alifunga mlango, akalivuta kufuli, akapiga hatua mbili, akarudi kulivuta tena, kisha mara ya tatu. Nilisimama pale na begi lake mkononi, nimechoka hata kabla ya safari. Rafiki yangu, chanzo cha tabia hiyo nakijua vizuri sana.

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi, baba alitengeneza redio koli, zile ambazo walinzi wa mtaa wa Kilimani walikuwa wakibeba begani. Meza yake ilikuwa sebuleni, kando ya dirisha, na nyumba ilinuka lehemu na githeri ya mama kwa pamoja. Kila alipopima redio, kwanza aling'oa antena, akaweka mahali pake balbu ndogo aliyoiunga kwa waya. Akibonyeza kitufe cha kusemea na balbu ikawaka vizuri, basi redio inarusha. Ikiwaka hafifu, ndipo anaifungua na kuanza kutafuta. Kazi yangu ilikuwa kwenda getini na redio ya pili, nimsikilize akihesabu moja mpaka tano, nirudi kumwambia kama sauti inakatika. Niliacha vyombo vikiwa na povu nikikimbilia kazi hiyo.

Onyo lilikuwa moja tu: usibonyeze kama hakuna balbu wala antena, maana nguvu itakosa pa kwenda, iunguze redio kwa ndani.

Jumamosi moja alimaliza kupima redio sita, akaenda mtaa wa Jamhuri kutafuta betri. Nami nilitaka kuhesabu kama yeye. Niliichomoa balbu iliyobaki kwenye redio ya mwisho niitazame, nikasahau kuirudisha, nikabonyeza, nikahesabu na kuhesabu. Nilipohisi joto mkononi nilirudisha kila kitu na kukimbilia vyombo vyangu.

Jumatatu asubuhi msimamizi wa walinzi alikuja amenuna. "Mzee, hii moja imekufa kabisa. Si ulisema iko sawa?"

Baba aliifungua mbele yake. Aliona kilichoungua, na alijua kinaunguzwa na nini. Kwa kuwa hakudhani kuna mwingine aliyegusa meza ile, alisema, "Ni mimi. Lazima nilisahau balbu." Nilikuwa mlangoni na sare ya shule, na sikufungua mdomo. Naona aibu mpaka leo.

Msimamizi alimsamehe, akaleta nyingine. Lakini baba alianza kupima kila redio mara tatu, halafu jiko, halafu kufuli. "Kichwa kimeanza kunitoka," alikuwa akimwambia mama. Mwaka haukuisha kabla hajaiuza ile meza na kwenda kulinda geti Kilimani, begani redio iliyotengenezwa na mtu mwingine.

Sasa mama hayupo, na pale dirishani pamewekwa friji. Ile harufu ya lehemu sijaisikia tena popote. Juzi, ndani ya gari, nilichoka kunyamaza, nikamwambia yote.

"Ulihesabu mpaka ngapi?" aliuliza.

"Ishirini, baba."

"Ishirini. Hapo lazima iungue." Alivua miwani akafuta macho. "Kwa hivyo sikusahau balbu."

"Hukusahau, baba. Nisamehe."

Aliupapasa mkono wangu, akasema nisilie nikiendesha.

Jioni nilimrudisha nyumbani, tukaagana, naye akafunga mlango kwa ndani. Nilibaki nje nikisikiliza, nikiomba kimoyomoyo iwe mara moja tu. Alilivuta komeo mara moja. Kisha akalivuta tena, na tena.