Taa Nyuma ya Pazia

Mzungu aliyeniajiri alikuwa mzee wa kuchunguza ndege wa msituni, na gari lake ndilo lililokuwa nyumba yake. Nyuma kulikuwa na kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na sinki ndogo. Kericho watu waliliita gari la kulala. Alipokwenda kwao kwa miezi mitatu aliniachia ufunguo, ruhusa ya kulitumia kwa shida za nyumbani, na mahubiri marefu kuhusu betri.

Betri zilikuwa mbili. Moja ya injini, ya kuwashia gari. Nyingine ya nyumba, ya taa na pampu ya maji. Kati yao kulikuwa na swichi kubwa nyekundu. Ukiendesha, unaziunganisha ili zote mbili zipate chaji. Ukisimama, unazitenganisha hapo hapo, kabla hujavua hata viatu, kwa sababu mahali pasipo na stima taa ikimaliza betri ya nyumba utakaa gizani tu, lakini ikimaliza na ya injini, umekwisha. Hayo yote nilikuwa nimeyashika. Nilikuwa dereva mzuri, nilijua mimi ni dereva mzuri, na sikupenda kuambiwa kitu na mtu.

Jumatatu moja ya masika nilikwenda upande wa Mulot kumchukua mama mkwe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa mwaka uliotangulia. La kulia lilikuwa limeanza ukungu, na daktari wa macho, ambaye alikuja Kericho mara chache sana, angekuwepo kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Zamu ya mama ilikuwa Alhamisi. Mke wangu hakuweza kuja, alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Dada ya mama ndiye angemsindikiza, lakini asubuhi hiyo ng'ombe wake akaanza kuzaa vibaya, naye akasema haondoki. Alimpandisha mama kwa mlango wa nyuma, akamwonyesha kitanda, akamshikisha kitufe cha taa ukutani, akashuka. Mimi wakati huo nilikuwa mbele, nikitazama radieta ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nieleze jambo hili, kwa sababu vijana wa leo hulicheka. Kwetu Wakipsigis, siku zile, mwanamume na mama mkwe wake hawakushikana mkono. Hawakutazamana usoni. Alipolala mmoja, mwingine hakukanyaga. Ukiwa na neno, ulimpa mke wako alipeleke. Nilikuwa na miaka sita katika ndoa na sura ya mama yule nilikuwa sijaiona sawasawa hata siku moja, na sikuona kwamba nimekosa kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na mimi nilisifiwa kwa heshima.

Kwa hiyo tulisafiri hivyo, mimi kwenye usukani, yeye nyuma, na pazia zito la kijani katikati yetu. Tulipopita Bomet nikaamua kuingia barabara ya ndani, ile ya mashamba ya majani chai, kwa sababu ni fupi. Nani angenikataza? Mvua ikatukuta kwenye mteremko. Kufika bondeni, kalvati ya mbele, ile ya kupitishia maji chini ya barabara, ilikuwa imechukuliwa na maji, imebaki shimo na gogo ambalo wachuma chai walikuwa wameliweka la kuvukia kwa miguu. Nikarudi nyuma, kilima kikanikataa. Nilijaribu mara saba, wiper zikipiga, taa kubwa zikiwaka, magurudumu yakichimba tope jekundu mpaka gari likakalia tumbo. Saa kumi na mbili jioni nikazima injini. Pande zote mbili kulikuwa na chai tu, kijani juu na kijani chini, na hakuna hata moshi wa jikoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka swichi nyekundu. Ilikuwa chini ya kitanda. Kitanda ambacho mama mkwe wangu alikuwa amekalia.

Nilikaa nikiushika ufunguo kama mjinga. Kuingia, haiwezekani. Kumwambia mwanamke wa umri ule ainame apapase chini ya kitanda kwa amri ya mkwe wake, haiwezekani zaidi. Ningeweza kufungua waya wa betri ya injini kule mbele, lakini spana zote zilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda hicho hicho. Nikasema potelea mbali, hata nisipozitenganisha, bila taa betri haitaliwa. Nikiwa bado nasema hivyo moyoni, nikasikia kitufe kikibonyezwa, na mwanga ukatokea chini ya pazia.

Nikangoja uzimwe. Haukuzimwa. Nilijifunika koti, nikalala nimejikunja kwenye viti vya mbele, na kila nilipofungua jicho mwanga ulikuwa pale pale. Nilielewa, au nilijidanganya kwamba nimeelewa: mama hataki isemwe kwamba alikaa gizani na mume wa binti yake. Ni heshima. Lakini heshima ile ilikuwa inakunywa betri zangu mbili, tena betri kuukuu, tena baridi ya kule inaua betri, na nilikasirika kweli. Nilihesabu saa. Saa sita za taa, saa nane, saa kumi. Kwenye dashibodi kulikuwa na kipimo cha chaji, na nilitazama mshale wake ukishuka.

Asubuhi nikatumia ujanja wa baba yangu. Yeye, akiwa na neno kwa nyanya yangu mzaa mama na hakuna mtu wa kulipeleka, alimwambia mbwa kwa sauti. Mimi sikuwa na mbwa. Nikaliambia gari.

"Wewe gari," nikasema nikitazama usukani, "hebu muulize mama kama ameamka vizuri."

Kisha nikasikia anacheka kwa pua.

"Gari," akasema, "mwambie tumeamka. Mwambie kichwa kinauma kidogo tu, ni hii baridi."

"Gari, mwambie mama ajipe moyo. Alhamisi bado."

"Gari, mwambie asante."

Alipotaka kutoka alikohoa mara mbili. Mimi nikatangulia kupanda kilima na mwavuli, nikasimama nikiitazama chai nimempa mgongo, mpaka nikamsikia akikohoa tena kwamba amerudi. Nilisikia akigonga ndoo. Nilisikia mkono wake ukiburuta kwenye ubavu wa gari, pole pole, kutoka mlangoni hadi nyuma na kutoka nyuma hadi mlangoni. Nilidhani anajishikilia kwa sababu ya utelezi. Kama ningegeuza shingo mara moja tu ningejua, lakini sikugeuza, na nilijisifu kwa kutogeuza.

Saa tatu wakaja wanaume wawili kuangalia kalvati. Walisema trekta la kiwanda cha chai liko ng'ambo, saa sita litatoka kwenda barabara ya lami, na kutoka hapo Kericho si mbali. Nikawaambia nina mama mgonjwa wa macho.

"Mlete basi," mmoja akasema. "Tutamvusha kwenye gogo. Mimi nitambeba mgongoni, wewe ushike mzigo."

Mama mkwe wangu abebwe na mwanamume nisiyemjua mbele ya macho yangu? Na nisipokubali abebwe na yeye, ambebe nani, mimi? Hapakuwa na mwanamke wa kumshika mkono. Nikawaambia zamu yake ni Alhamisi, jua likiwaka kesho barabara itakauka, nitawasha gari langu nimfikishe kama mtu. Yule mwanamume alinitazama, akatazama magurudumu, wakaenda zao. Mama alikuwa amesikia kila neno. Hakusema kitu, na mimi nilichukua kimya chake kuwa shukrani.

Mchana niliwasha injini kidogo ili betri zipate chaji. Ilishika kwa shida. Mshale ukapanda kidole kimoja, lakini dizeli ilikuwa ya kutufikisha Kericho na basi, kwa hiyo baada ya dakika ishirini nikaizima. Taa iliendelea kuwaka mchana kutwa. Mchana! Mvua ilikuwa imeleta giza, sawa, lakini si giza la kuwasha taa. Tulikunywa maziwa ya mursik aliyokuwa amebeba, mimi nikipokea kibuyu kutoka chini ya pazia na kukirudisha hapo hapo. Nilijiona nimefungwa. Siwezi kwenda, siwezi kurudi, siwezi kusema, na kwa upana wa hatua mbili nyuma yangu taa inanimalizia njia pekee ya kutoka. Nilimchukia mama yule siku hiyo. Niseme ukweli, nilimchukia.

Jioni mwanga chini ya pazia ukawa wa njano, kisha mwekundu kama kaa la moto, kisha ukazimika. Nikageuza ufunguo. Tak. Nikageuza tena. Tak. Stata haikuzunguka hata mara moja. Gari lilikuwa limekufa, na kesho hata jua liwake namna gani halingetusaidia kitu.

Nikasahau adabu. Sauti yenyewe ilitoka kubwa.

"Gari, mwambie mama taa yake imemaliza betri. Mwambie tangu jana jioni inawaka, usiku mzima na mchana mzima. Sasa tumekwisha."

Halafu sauti yake ikaja, ya chini, na haikuwa inaongea na gari.

"Taa gani, mwanangu?"

"Hiyo uliyowasha jana."

"Nilibonyeza, ikakataa. Nikajua umefunga stima uhifadhi betri yako. Nikasema si vizuri kumsumbua mkwe kwa ajili ya taa. Nimekaa gizani tangu jana."

Nilishika pazia nikalivuta. Kulikuwa bado na mwanga wa jioni dirishani, wa kutosha kuona sura ya mtu. Alikuwa amekaa wima ukingoni mwa kitanda, leso begani, uso ameuelekeza kwenye mlango wa nyuma kama ndiko nilikokuwa. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, limevimba, linatiririka machozi. Nilipunga mkono mbele yake. Halikupepesa.

"Ilikuwa inawaka?" akaniuliza.

"Ilikuwa inawaka, mama."

Akapangusa jicho kwa ncha ya leso.

"Asubuhi nilisikia ndege," akasema, "na bado ilikuwa usiku. Hapo nikajua ni mimi, jicho limefunga. Na kichwa, mwanangu, kichwa hiki kinataka kupasuka. Nilisema nivumilie mpaka Alhamisi. Ningekuambia, ungelazimika kunishika mkono."

Nilichuchumaa mbele yake nikamgeuzia mgongo, nikachukua mikono yake miwili kwa mikono yangu nikaizungusha shingoni mwangu. Alikataa mara moja, kwa neno moja la Kikipsigis ambalo sitaliandika. Kisha akakubali. Alikuwa mwepesi sana. Nilivuka lile gogo kwa magoti, yeye mgongoni, maji yakipita chini yetu, na ng'ambo tukatembea mpaka nyumba ya kwanza yenye moto. Waliotuona walitupisha karibu na moto. Usiku kucha alitapika kwa maumivu, na alfajiri trekta likatupeleka kwenye lami.

Tulifika hospitali Jumatano kabla ya saa tano. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akamtia dawa, akampiga sindano, akampima tena. Mama alilazwa kwenye kitanda kando ya ukuta. Mimi nilisimama karibu na dirisha.

"Aliacha kuona mwanga lini?" daktari akaniuliza.

"Jumatatu, saa kumi na mbili jioni."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nilikuwa nahesabu betri."

Hakuelewa, na sikumweleza. Aliandika. Akasema maji ndani ya jicho yalijaa yakabana mshipa, na kwamba ugonjwa huo haungoji zamu. Kama tungefika jana, akasema, hata jana mchana, angejaribu kuliokoa. Sasa angeweza kuondoa maumivu tu. Hakusema kwa ubaya. Jana mchana ndipo trekta la saa sita lilipoondoka bila sisi.

Mama alisikiliza yote. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wa koti la daktari.

"Daktari," akasema, "mwambie huyo kijana asijilaumu. Mwambie hata mimi nilikuwa na mdomo na sikuuliza."

"Si yuko hapa hapa, mama," daktari akasema. "Mwambie mwenyewe."

Akarekebisha leso, akainua uso, akaugeuza pole pole anitafute. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita mama mkwe wangu alitaka kunitazama, akatazama kabati la dawa lililokuwa upande wa pili wa chumba. Akaanza kusema nalo, taratibu, akiniita mwanangu.

Nikatoka dirishani kwa vidole vya miguu, nikaenda kusimama mbele ya kabati.